Mama Pazia wa Buseresere

Saa tisa alasiri, Jumapili. Jua la Buseresere limeyapasha mabati ya banda la video mpaka yanalia ta, ta, lakini ndani hakuna anayejipepea. Watu zaidi ya mia moja wamebanana kwenye mabenchi ya mbao, wengine bado wana vumbi la mawe kwenye kope. Wote wameyatoa macho kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani.

Kwenye shuka, katika filamu ya zamani ambayo watu huomba irudiwe, msichana wa Kikorea amesimama nyuma ya mlango. Kuna mtu anabisha. Kwa lugha yao, msichana anatamka neno moja tu.

Lakini pembeni ya shuka, mwanamke mwembamba aliyejitanda ushungi wa rangi ya machungwa anaisogeza maiki mdomoni.

"Chausiku, usifungue!" ananong'ona, na mnong'ono unalijaza banda. "Mjomba hubisha kwa kidole. Huyu anabisha kwa kiganja. Sikiliza. Kiganja kizito, kina pete."

"Usifungue!" banda zima linaitikia.

Anageuka kuwa mzee mwenye pumu. Anageuka askari. Anageuka mvua inayopiga paa, halafu mbwa wa jirani anayeisikia hatari kabla ya binadamu. Kinywa ni kimoja, lakini ukifumba macho utaapa kwamba ukoo mzima umehamia pale mbele.

Huyo ni Mwasiti Swaleh, mwenye umri wa miaka 34, mtafsiri wa filamu. Kikorea hajui. Anayasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini mbiombio, na kabla hayajafutika yameshakuwa Kiswahili, tena Kiswahili chenye damu.

"Mimi nashuka duarani, shimo la futi mia mbili, na kamba yenyewe naijua ilivyochakaa. Siogopi," anasema Makoye, mchimbaji ambaye hakosi Jumapili. Wenzake humwita nyoka, kama wanavyoitwa wote wanaoingia chini ya ardhi. "Lakini Mama Pazia akinong'ona, bhana, nywele zinanisimama."

Mama Pazia ndilo jina analojulikana nalo kuanzia hapa hadi Katoro. Mgeni huuliza pazia liko wapi, maana halipo. Liliondolewa Juni mwaka jana, siku ambayo Buseresere haijaacha kuisimulia.

Ili uielewe siku hiyo, sharti uanzie Shinyanga, mtaa mmoja wa Kambarage, kwenye nyumba yenye mlango wa nondo.

Mwasiti aliolewa akiwa na miaka 21. Mumewe, ambaye gazeti hili halitamtaja jina, alikuwa mfanyabiashara wa mchele, mtu wa swala tano, mcheshi kwa wateja. Mwezi wa kwanza alimkataza mkewe kwenda sokoni. Mwezi wa tatu alimkataza kusimama dirishani. Kabla ya mwaka kwisha, kila asubuhi akitoka kwenda kwenye mashine ya mpunga alifunga mlango wa nondo kwa nje na kuondoka na ufunguo.

"Alisema mke mwema haonekani," anakumbuka Mwasiti. "Hakunipiga sana. Watu huniuliza hilo kwanza, kama vile kipigo peke yake ndiyo mateso. Mimi niliishi miaka saba bila kununua hata kitunguu kwa mkono wangu."

Ndani ya nyumba ile hakuwa peke yake. Alikuwapo mama mkwe, Bi Mwanaima, ajuza wa watu wa Ujiji ambaye presha ya macho ilimpofusha kabla Mwasiti hajaolewa. Mtoto wake alimfungia naye pia, akisema ni kwa usalama wake.

Kulikuwa na runinga, deki na kapu la filamu za kigeni, kwa sababu mume alipenda kuzitazama siku za Ijumaa. Mwasiti alikuwa amemaliza kidato cha nne na Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga. Kwa upweke alianza kutazama filamu zile, akayafuata maandishi ya chini kwa kidole kama mtoto anayejifunza alifu.

"Siku moja mama akaniuliza, 'Mkwe, hao wanaolia humo ndani wanalilia nini?' Nikamwambia. Akauliza, 'Yukoje huyo mwanamke? Amevaa nini? Chumba kina harufu gani?' Harufu sikuiona, nikaitunga."

Ndivyo kazi ilivyoanza, bila mtu yeyote kujua kuwa ni kazi. Kwa miaka sita, kila siku baada ya kuosha vyombo, binti mmoja alimsimulia kipofu mmoja filamu moja. Bi Mwanaima hakukubali usimulizi wa haraka haraka. Mtu akiingia, alitaka kujua ameingia kwa mguu gani. Mtu akinyamaza, aliuliza ananyamazaje.

"Hakuna chuo duniani kingenifundisha vile," anasema Mwasiti. "Kumsimulia mwenye macho ni rahisi, atajazia mwenyewe. Asiyeona humdanganyi. Ukikosea, anajua."

Kisha likaja jambo ambalo Mwasiti, hata leo, akilisimulia huinamisha uso.

Bi Mwanaima ndiye aliyekuwa akizipekua nguo za mwanawe kabla ya kufuliwa, kazi aliyoifanya kwa kupapasa. Katika koti kuukuu alikuta ufunguo wa akiba wa lile kufuli. Aliuficha ndani ya mkebe wa tumbaku yake mwezi mzima, akisubiri kuona kama mwanawe atauulizia. Hakuuliza.

Alhamisi moja asubuhi, mume alipokwisha kuondoka, Mwasiti alikaa chini aanze filamu.

"Leo sitaki hiyo," mama mkwe akamwambia. "Nipe mkono."

Akamwekea ufunguo kiganjani, pamoja na noti zilizokunjwa ndani ya kitambaa.

"Mama, hiki nini?"

"Mkono wako mwembamba, utapita kwenye nondo. Fungua, toka, ufunge tena, halafu nirushie ufunguo ndani. Ukifika stendi usiulize basi linakwenda wapi. Panda."

"Na wewe je? Twende wote."

"Nitakuchelewesha. Isitoshe yule ni mwanangu, hatanila."

"Mama, atakuuliza."

"Nitasema nilikuwa nimelala."

Mwasiti anasema alipiga magoti akaishika miguu ya bibi yule. Bi Mwanaima akamsukuma kwa upole. "Umenionyesha dunia miaka sita, mwanangu. Sasa nenda ukaione na wewe."

Mume aliporudi jioni alikuta kufuli limefungwa kama alivyoliacha, mama yake amelala, mkewe hayupo. Majirani wanasema wiki nzima aliita masheikh wamsomee nyumba, akiamini ni jini.

Mwasiti alipanda basi la Kahama, kutoka hapo akapanda jingine, na jingine. Nauli ilikomea Buseresere. Ilikuwa siku ya mnada, barabara ya Biharamulo imefurika ng'ombe, mitumba na watu wa kila kabila waliofuata dhahabu. Hakumjua mtu, na hakuna aliyemjua. Anasema alisimama katikati ya umati ule akalia kwa furaha, kwa sababu watu walikuwa wakimpiga kumbo bila kumwangalia.

Aliingia kwenye mgahawa wa kwanza aliouona. Mwenyewe alikuwa Generosa, Mama Benjamini, mama wa makamo kutoka Ngara mwenye mgahawa mbele na banda la video nyuma.

"Nilimwona hana mzigo," anasimulia Mama Benjamini. "Mwanamke asiye na hata mfuko, ujue ametoka mahali pabaya. Nikamwuliza, 'Unajua kuosha vyombo?' Akasema ndiyo. Nikamwambia osha. Mengine sikuuliza."

Alilipwa shilingi 3,000 kwa siku na chakula, akalala stoo. Miezi mitano ilipita hivyo. Kisha Jumamosi moja mtafsiri wa banda, kijana kutoka Kahama, hakutokea. Filamu ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Watazamaji walianza kupiga mabenchi kwa viatu wakidai kiingilio chao.

Kati ya jiko na banda palikuwa na pazia tu. Mwasiti alikuwa ameshika sufuria. Hajui, anasema, kilichompata. Alisogea kwenye pazia, na bila kujitokeza akaanza kusimulia kwa sauti ileile aliyokuwa akimsimulia Bi Mwanaima.

"Nilisikia mabenchi yanaacha kulia," anasema Mama Benjamini. "Moja, mbili, yote. Nikadhani wameondoka. Nikachungulia. Watu wameketi kama wako kanisani."

Anayeijua zaidi siku hiyo ni Salehe, fundi umeme wa banda, mwenye umri wa miaka 41. Yeye ndiye aliyeipitisha maiki chini ya pazia.

"Sikujua ni nani. Niliona vidole vyenye povu la sabuni vinaichukua," anasema Salehe, akicheka kwa haya. "Nakwambia kweli, sikuitazama tena ile filamu. Nilikaa namsikiliza."

Tangu siku hiyo Mwasiti hakuosha vyombo tena. Kiingilio kilibaki shilingi 500, lakini watu walikuja mpaka kutoka Geita mjini. Leo hupata shilingi 12,000 kwa kila filamu, na siku za mnada hutafsiri tatu. Wakati ule alitoa sharti moja tu: hatajitokeza, na jina lake halitatajwa. Ndipo wachimbaji wakamwita Mama Pazia. Wengi walimchora vichwani mwao kama mama mnene wa miaka hamsini.

Salehe alimletea asali na ndimu kwa ajili ya koo. Alizileta kila siku, mwaka mzima, akaziweka kwenye stuli na kurudi kwenye nyaya zake. Mwaka wa pili alimposa.

"Nilimwambia siwezi, mimi bado ni mke wa mtu," anasema Mwasiti. "Nikangoja aulize mume yuko wapi. Hakuuliza. Kesho yake asali ilikuwepo palepale."

"Mtu anayekaa nyuma ya pazia ana sababu," anasema Salehe. "Nami si mtu wa kuvuta pazia la mwenzangu."

Lakini sauti haifungiki. Watu walianza kumrekodi kwa simu bila kumwambia, na rekodi zikasambaa kwenye kadi na flashi. Siku moja mchuuzi wa mchele aliyetoka Kahama alikaa mgahawani akiwatania wenzake: "Huyu anabisha kwa kiganja!" Ilikuwa sentensi ya Mwasiti mwenyewe. Alipouliza ameitoa wapi, mchuuzi akasema ameisikia kwenye saluni kwao Kahama, ni filamu mpya, rekodi zake zimejaa.

Mwasiti alifunga nguo zake kwenye shuka. Alikaa na furushi lile miguuni mchana kutwa. Kisha akalifungua.

"Nilichoka kuhama," anasema. "Nilijiambia, hapa ndipo mahali pekee ambapo watu wameniita jina zuri. Nikiondoka hapa nakwenda kuwa nani tena?"

Jumapili ile ya Juni, filamu ilikuwa mpya hata kwake. Ilimhusu mwanamke anayeshuka kwenye treni katika mji mdogo wa milimani, mji wenye theluji, asikojulikana na mtu. Anapata kazi kwenye tanuri la mikate. Anaanza kuzoeana na fundi saa wa mtaa ule, mtu mpole asiye na maneno mengi. Halafu mwanamume anafika mjini akiwa na picha ya mwanamke huyo mfukoni.

Kila mwaka wanatengeneza filamu za namna hiyo, na kila mara watu hulia. Mwasiti aliianza kwa mbwembwe zake za kawaida. Mwoka mikate akamwita Mama Maandazi, mji akauita Katoro ya Juu. Banda likacheka. Lakini kadiri ilivyoendelea, anasema, mbwembwe zilianza kumwisha. Alijua kila kitu kabla hakijatokea.

Nyuma ya pazia alikuwa na tundu dogo la kutazamia shuka. Mwanga wa picha ukiwa mkali, uliwamulika pia watazamaji. Mwanamume wa kwenye filamu aliposukuma mlango wa duka la mikate, theluji nyeupe ilijaa shukani, na banda lote likawa kama mchana.

"Watu wote walikuwa wanatazama shuka," anasema Mwasiti. "Mmoja alikuwa anatazama pazia."

Alikuwa benchi la tatu, karibu na nguzo, amevaa shati la kijani. Miaka mitano ilikuwa imemwongezea mvi. Mikono ameiweka magotini, kama alivyozoea kukaa akisubiri chakula.

Maiki ilinyamaza. Makoye anakumbuka kimya kile. "Mama Pazia hajawahi kukata maneno. Tukajua umeme. Lakini picha inakwenda."

Salehe alinyanyuka aangalie nyaya. Kupitia upenyo wa pazia alimwona Mwasiti, mkono umeziba mdomo. Nyuma yake mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na nje barabara. Angeweza kutoka. Alikwishawahi kutoka.

Badala yake akaushusha mkono na kuirudisha maiki mdomoni.

"Jamani," ikasema sauti. "Mwanamume huyu amenifuata."

Kwenye shuka filamu ikaendelea.

"Alinifungia ndani kwa kufuli miaka saba. Nilitoka kwa mkono wa mama yake mzazi. Nikaja mji mdogo, watu wakanipokea, wakanipa kazi, hawakuniuliza kitu."

Wengine waliguna kwa huruma, wakidhani wanamsikia Mama Maandazi. Lakini kwenye shuka mwanamke wa filamu alikuwa amefunga mdomo, analia tu. Maneno hayakuwa yake. Waliokaa mbele ndio waliotambua kwanza.

"Mwanamume huyu hayuko kwenye theluji," ikaendelea sauti. "Yuko hapa. Benchi la tatu, kwenye nguzo. Amevaa shati la kijani."

Makoye alikuwa ameketi benchi la nne. Anasema aliliona shati lile mbele ya pua yake. Vichwa mia moja viligeuka kwa pamoja. Mama Benjamini akaufunga mlango wa mbele, akaweka stuli, akaketi juu yake.

Mwenye shati la kijani akasimama. "Ni mke wangu huyo," akasema kwa sauti kubwa. "Nimekuja kumchukua mke wangu. Kuna kosa gani?"

Mtu mmoja akanyanyuka, na wa pili, na wa tano. Yeyote aliyeishi kwenye machimbo anajua kinachofuata hapo. Umati ukishakasirika, askari hufika kuokota viatu tu. Mwanamume yule naye alijua; uso ulimbadilika rangi.

Ndipo pazia likafunguka.

Kwa mara ya kwanza Buseresere ilimwona. Mwanamke mdogo wa umbo, kanga kiunoni, maiki mkononi, waya unaburuzika nyuma yake. Alitembea katikati ya mabenchi mpaka akasimama hatua tatu mbele ya mtu aliyemkimbia.

"Msimguse," akasema.

"Mama Pazia, huyu..." akaanza mmoja.

"Nimesema asiguswe. Mkimgusa, mimi sitafsiri tena hapa maisha yangu yote." Kisha akamgeukia mumewe, na hapo, wanasema waliokuwepo, sauti yake ikashuka ikawa ya kawaida kabisa, ya mtu anayezungumza na mgeni mlangoni. "Miaka saba ulinikalisha ndani nikatazama. Leo keti na wewe utazame. Filamu haijaisha."

Mwanamume akaangaza huku na huku. Makoye akamwekea mkono begani, mkono usio na nguvu wala hasira. "Keti, bhabha," akamwambia. "Filamu haijaisha."

Akaketi.

Kilichofuata ndicho kinachowashangaza watu mpaka leo. Mwasiti alirudi mbele, akasimama pembeni ya shuka mahali anaposimama sasa, akaitafsiri filamu ile dakika arobaini zilizobaki. Hakuongeza neno lake wala kumrushia mtu kijembe. Alimpa mwanamke wa theluji sauti yake, na fundi saa yake. Hata yule mwanamume mwenye picha alimpa sauti yake ya haki, yenye maumivu, kiasi kwamba wanawake wawili walimlilia.

Mama Benjamini alikuwa amekwisha kumpigia simu mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alifika na mgambo wawili, akafunguliwa, akasimama mlangoni ili aulize kuna nini. Hakuuliza. Alisimama palepale na mgambo wake, kofia mkononi, mpaka picha ya mwisho.

"Nimeshuhudia mambo mengi kwenye machimbo haya," anasema Salehe. "Dhahabu imetoka, watu wamefukiwa, watu wamefukuliwa wakiwa hai. Sijaona kitu kama kile. Nilikuwa nimeshika swichi, nikasahau hata kuwasha taa."

Taa zilipowaka, mume alikuwa anaangalia sakafu. Alinyanyuka bila kuambiwa, akawafuata mgambo. Alipompita Mwasiti alisimama.

"Mama hali chakula vizuri," akasema. "Anasema nyumba imenyamaza."

Hayo ndiyo maneno pekee aliyomwambia.

Polisi waliyachukua maelezo ya wote wawili. Suala lilipita kwenye baraza la usuluhishi, likashindikana, likaenda Mahakama ya Mwanzo. Baada ya miezi mitano ndoa ilivunjwa. Alipopigiwa simu na gazeti hili, mwanamume huyo alikataa kuzungumza. "Hayo yamepita," alisema. Kisha, kabla ya kukata, akauliza, "Mama hajambo?"

Aliuliza kwa sababu mama yake haishi naye tena.

Wiki mbili baada ya talaka, Mwasiti alikwenda Kambarage, mchana kweupe, akifuatana na Mama Benjamini. Mlango wa nondo ulikuwa wazi. Bi Mwanaima alikuwa ameketi barazani, amekonda.

"Shikamoo, mama," akasema Mwasiti.

Ajuza alianza kulia kabla ya kusema marahaba.

Ndipo Mwasiti alipojua ni nani aliyemfichua. Kijana wa duka la jirani alikuwa amefungulia filamu kwa sauti kubwa. Bi Mwanaima, akiwa barazani, alisikia sauti aliyoililia miaka mitano, na kwa furaha akapiga kelele: "Mwasiti! Mwasiti wangu yu hai!" Mwanawe alikuwa nyuma yake. Alikwenda dukani, akauliza rekodi imetoka wapi.

"Nilimwokoa kwa mkono, nikamuuza kwa mdomo," anasema Bi Mwanaima leo, akiwa ameketi kwenye mkeka nyuma ya banda la Buseresere, anakoishi na mkwe ambaye kisheria si mkwe wake tena. "Nilimwomba radhi. Akanijibu nini? 'Mama, chukua kanga yako twende.'"

Mwanawe alikuwepo wakati wanaondoka. Hakuwazuia. Alimbebea mama yake begi hadi kwenye bajaji.

Bi Mwanaima ana miaka 76. Hakosi filamu. Huketi mbele kabisa, na Mwasiti akiliruka jambo upesi upesi, sauti ya ajuza husikika gizani: "Ameingia kwa mguu gani?" Banda zima hucheka, kisha husubiri jibu.

Na Salehe? Eda ilipokwisha, alikwenda kumposa upya, safari hii kwa Bi Mwanaima, maana waliomzaa Mwasiti walikwisha kufariki, na ndiye mzazi aliyebaki. Ajuza alimhoji nusu saa. Akamshika viganja akavipapasa vyote viwili.

"Ana makovu ya umeme, lakini vidole vyake havina haraka," alitoa hukumu yake. "Mimi nimeridhika. Mwulizeni mwenyewe."

Mwenyewe amekubali, lakini amemwomba Salehe jambo moja: wapange nyumba yao, na kodi ya mwaka wa kwanza ailipe yeye, kwa jina lake. Salehe hakubisha. Ndoa imepangwa baada ya Maulidi.

Kabla ya hapo ana kazi nyingine. Mwasiti amenunua madaftari manne na mawili yamejaa. Anaandika filamu yake, ambayo watu wake watasema Kiswahili tangu neno la kwanza, na wazee wao Kisukuma, na itapigwa hapahapa Buseresere kwa kamera ya kuazima na taa za Salehe. Mama Benjamini atakuwa mama wa mgahawa. Makoye amepewa nafasi ya mwenyekiti wa mtaa na tayari anatembea taratibu, mikono nyuma. Bi Mwanaima amekataa katakata kuigiza kipofu. Anataka kuwa mganga wa mapenzi.

Wataanza mvua zikikatika. Wana kamera kwa siku tisa tu, na hakuna kati yao aliyewahi kuigiza popote. Alipoulizwa kama haogopi, Mwasiti alikunja kona ya ukurasa.

"Naogopa," alisema. "Lakini kuna siku moja naiota. Filamu imekwisha, inaonyeshwa, na mimi nimelipa kiingilio changu kama watu wengine. Nimekaa benchi la nyuma, na Salehe pembeni yangu. Kila mtu kwenye shuka anasema maneno yake mwenyewe. Na mimi nimenyamaza, namenya karanga."